Paka Mgeni Asipewe Jembe Siku ya Tatu

Yapo mambo ambayo kwa mtazamo wa haraka huonekana madogo mno kupewa nafasi katika safu hii, lakini yakichunguzwa vema hudhihirika kwamba yanagusa riziki ya watu wengi. Moja la mambo hayo ni paka. Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu wa mjini watatabasamu. Lakini mvuvi wa Goziba aliyekunjua wavu wake jioni, katika usiku ule wa giza anaoutegemea kwa dagaa, akaukuta umetobolewa na panya, hatatabasamu. Wala hatatabasamu mama wa Ikuza aliyefungua gunia la unga lililosafirishwa kwa gharama kubwa kutoka bara, akakuta nusu yake haifai kuliwa. Hao wanajua thamani ya paka. Wanajua pia jambo la pili ambalo ndilo kiini cha maneno yetu ya leo: kwamba paka anayeletwa kisiwani kutoka Bukoba, mara nyingi hata wiki haimalizi nyumbani kwa mwenyewe.

Sehemu kubwa ya eneo la Wilaya ya Muleba ni maji. Katika maji hayo zimo kata za visiwani, nazo ni Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe na Mazinga, ambako watu wa makabila mengi wamekusanyika kwa ajili ya samaki na dagaa. Kila kinachohitajika huko hupakiwa botini: unga, mchele, mabati, sabuni, nyavu. Panya naye hupakiwa humohumo bila nauli. Akifika hukuta magunia ya dagaa waliokaushwa, mabanda ya mbao yenye nyufa, na nyavu zilizorundikwa zikiwa na harufu ya samaki. Atake nini zaidi? Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Nasi twaweza kuongeza kwamba mahali ambapo paka hajafika, panya huwa amekwisha kutawazwa.

Ndipo mwanakisiwa huagiza paka kwa ndugu au rafiki aliyeko bara. Na jinsi paka huyo anavyosafirishwa ni jambo ambalo wengi wetu tumeliona. Hukamatwa kwa ghafla, hutiwa ndani ya gunia, na mdomo wa gunia hufungwa kwa kamba ili, kama isemwavyo, asiione njia akapata kurudi. Hulazwa kati ya madumu ya mafuta. Mashine ya boti hunguruma kwa saa kadhaa, mawimbi humlowesha, na harufu ya petroli humjaa puani. Kisha boti ikifika mwaloni, gunia hufunguliwa hapohapo mchangani mbele ya watoto wanaoshangilia. Paka hutoka kama mshale, hupenya baina ya miguu ya watu, na hupotelea katika mawe. Mwenyewe hushika kiuno na kusema, "Paka huyu ni mwitu."

Hatuandiki haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Sisi wenyewe tumewahi kufanya kosa hilo. Tulimpelekea jamaa yetu wa Bumbire paka jike, mpole sana, aliyezoea kulala karibu na jiko katika nyumba moja ya pale Bukoba. Tulimtia katika gunia kama desturi, na tulimfungulia ufukweni kama desturi. Usiku ule tulimsikia akilia juu ya mawe, na usiku wa pili pia. Usiku wa tatu hatukumsikia. Baada ya majuma kadhaa tuliambiwa ameonekana kwenye vichanja vya dagaa, amekonda, na kwamba vijana walikuwa wakimrushia mawe kama mwizi. Wakati ule tulimlaumu paka. Leo tunakiri kwamba lawama ilikuwa yetu.

Ili tusirudie kosa, yafaa kwanza tufahamu paka ni mnyama wa namna gani. Paka wa nyumbani anatokana na pakapori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama anayewinda peke yake na anayeishi kwa kulijua eneo lake. Mbwa humfuata mtu. Paka hushikamana na mahali. Katika mashavu yake, kwenye paji la uso na nyayoni, zimo tezi zitoazo harufu ambayo pua ya binadamu haiisikii. Anapojisugua mlangoni au kwenye mguu wa kiti, hachezi tu: anaweka alama zinazomwambia kwamba hapa ni kwake, hapa pana usalama. Nyumba aliyoizoea imejaa alama hizo. Mwondoe humo, umpeleke pasipo na alama hata moja, naye huwa kama mtu aliyeamka usiku katika nchi ya kigeni asiyejua lugha yake wala njia zake. Kukimbia na kujificha ni busara yake ya asili. Si ukaidi.

Pamoja na hayo, asidhani mtu kwamba paka na kisiwa havipatani. Katika kisiwa cha Kupro, wataalamu wa mambo ya kale walifukua kaburi la mtu aliyezikwa yapata miaka 9,500 iliyopita, na kando yake alizikwa paka. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili. Basi paka yule, au wazazi wake, walifika huko kwa chombo, wakipelekwa na watu, kama tunavyowapeleka leo Kerebe na Mazinga. Safari ya paka majini ni ya kale kuliko miji tunayoijua. Na aliyeheshimiwa hata akazikwa kando ya mtu ni dhahiri kwamba alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji.

Je, ugeni wake huondolewa kwa njia gani? Hatua ya kwanza huanza Bukoba, kabla ya boti. Apatikane paka aliyezoea watu. Mtoto wa paka anayeshikwashikwa kwa upole na watu tangu umri wa majuma 2 hadi 7 hukua akiwaamini. Yule aliyezaliwa nyuma ya ghala asishikwe na mtu atabaki na hofu hata akipewa samaki kila siku. Tena asitengwe na mama yake kabla ya kutimiza majuma 8. Mahali pa gunia litumike tenga lenye kifuniko, au sanduku la mbao lenye matundu ya hewa, na liwekwe wazi ndani ya nyumba siku chache kabla ya safari ili aingie na kutoka kwa hiari yake. Ndani yake litandikwe tambara alilokuwa akilalia, bila kufuliwa. Tambara hilo lenye harufu ya kwao ni mzigo mwepesi kuliko yote botini, nalo ndilo litakalomfaa kuliko yote. Asishibishwe kabla ya kusafiri, na tenga lifunikwe kwa kanga, mbali na mashine na jua.

Hatua ya pili ndiyo ambayo wengi huiruka. Tenga lisifunguliwe mwaloni kwa sababu yoyote. Lipelekwe moja kwa moja ndani ya nyumba, katika chumba kimoja, na mlango ufungwe. Tunajua kwamba nyumba nyingi za kambi za uvuvi hazina chumba cha ziada. Basi itengwe kona ya stoo, na mianya iliyo kati ya ukuta na paa izibwe kwa vipande vya mbao au mabati chakavu. Katika kona hiyo yawemo mambo manne tu: mahali pa kujificha, maji safi, chakula, na beseni lenye mchanga wa ziwani kwa ajili ya haja, likiwa mbali na chakula. Mchanga hauuzwi visiwani. Hakuna sababu ya kuukosa.

Mahali pa kujificha pasionekane kuwa ni anasa. Mwaka 2014, watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya paka 19 waliokuwa wameingizwa karibuni katika nyumba ya kutunzia wanyama. Wengine walipewa boksi la kujificha, wengine hawakupewa. Waliopewa boksi walitulia mapema zaidi, na tofauti ilionekana katika siku chache za mwanzo. Anayepewa mahali pa kujificha huona haja ya kujificha ikipungua. Anayenyimwa huendelea kuitafuta hata nje ya nyumba, mpaka kwenye mawe. Boksi tupu la sabuni lililolazwa ubavu, mdomo ukielekea ukutani, latosha kabisa.

Hatua ya tatu ni subira, nayo haiuzwi dukani. Siku ya kwanza na ya pili mgeni huyu huenda asile mchana, bali usiku watu wakilala. Asivutwe kutoka mafichoni, wala watoto wasiruhusiwe kumpokezana mikononi. Mwenye nyumba aingie, aketi chini, afanye shughuli yake ya kushona wavu au kuchambua maharage, aseme kwa sauti ya chini, kisha atoke. Asimkazie macho, kwa maana kwa paka kukodolewa macho ni kutishwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba mtu akifumba na kufumbua macho polepole mbele ya paka, paka naye hujibu vivyo hivyo, na huwa tayari zaidi kumsogelea. Ishara hiyo haina gharama, na kila mwanakisiwa aweza kuijaribu jioni hii.

Kuhusu chakula, dagaa hawakosekani, lakini wapewe wakiwa wamepikwa na kuondolewa mchanga, bila chumvi. Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini, na paka anayelishwa hao tu kwa muda mrefu huweza kuugua. Maziwa ya ng'ombe, ambayo wengi hudhani ni karamu yake, huwaharisha paka wengi wakubwa. Maji ndiyo bora. Na paka ambaye siku 2 au 3 zimepita hajaonja kitu kabisa, huyo si mwoga tena bali ni mgonjwa, na afisa mifugo aulizwe.

Baada ya majuma 2, au hata 4 kwa mwenye hofu nyingi, paka mwenyewe atatoa taarifa. Ataanza kujisugua kwenye mlango, atajilamba katikati ya chumba bila kushtuka, atakuja anapoitwa. Hapo ndipo mlango ufunguliwe, kwanza wa nyumba nzima, halafu wa nje, na iwe muda mfupi kabla ya chakula chake ili njaa imrudishe. Usiku alale ndani. Tulimwona mama mmoja mzee kisiwani aliyefanya hivyo bila kusoma utafiti wowote. Alimweka paka wake mgeni nyuma ya kasha la nguo mwezi mzima, na majirani wakamcheka kwamba amenunua paka wa kumfunga. Tulipomwuliza, alijibu, "Wanangu, hata bibi harusi haonyeshwi kisima siku anayofika." Alipomwachia, paka alizunguka nyumba, akarudi, akalala juu ya kasha lilelile. Panya katika nyumba ile walijua habari zake kabla ya majirani.

Sasa yatupasa kuzungumza na walio katika dhamana ya Serikali, kwa maana yapo mambo ambayo mwanakisiwa hawezi kuyatimiza peke yake.

Jambo la kwanza ni chanjo. Kichaa cha mbwa hakimpati mbwa pekee. Paka naye huugua na humwambukiza mtu kwa kumng'ata au kumparura. Kisiwa kina ngome ya maji, lakini ngome hiyo hubomolewa na mnyama mmoja tu anayeshushwa mwaloni. Tuchukue funzo la Pemba: ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kutoweka huko, ukaingizwa tena mwaka 2016, ukakatwa mwaka 2018 kwa kuwachanja mbwa. Paka huweza kuchanjwa akitimiza miezi 3. Tunatoa rai kwamba maofisa mifugo wa Bukoba na Muleba wawachanje paka na mbwa kabla hawajapanda boti, na kwamba angalau mara moja kwa mwaka chanjo ivuke maji kuwafuata waliokwisha kuvuka. Tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ingekuwa siku njema kuadhimishwa katika kambi za wavuvi, na si katika viwanja vya mjini pekee. Na wananchi wakumbuke: aliyeng'atwa au kuparurwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha asisubiri boti ya kesho ikiwa ya leo ipo, aende apate chanjo.

Jambo la pili ni sumu. Nyumba yenye paka isiwekwe sumu ya panya, maana paka hula panya aliyekula sumu, na wote wawili hufa. Wauzaji wa sumu hiyo katika minada na magulio waelekezwe kumwambia mnunuzi jambo hili. Pia kina mama wajawazito wasiguse mchanga wa haja ya paka. Kazi hiyo ifanywe na mwingine kila siku, na mikono ioshwe, kwa sababu katika kinyesi huweza kuwemo vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

Jambo la tatu ni paka wanaoachwa. Wavuvi huhama kambi kufuata dagaa, na mara nyingi paka husahauliwa nyuma. Paka jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 2 tu, na aweza kushika mimba kabla hajatimiza nusu mwaka wa umri wake. Kwa hiyo paka wawili walioachwa hawakai wawili kwa muda mrefu. Katika kisiwa kidogo cha Stephens, New Zealand, mnara wa kuongozea meli ulianza kazi mwaka 1894, na paka walifika pamoja na watunzaji wake. Katika muda wa miaka michache ndege mmoja mdogo asiyeruka, aliyebakia katika kisiwa hicho, alitoweka kabisa duniani. Sisi nasi tuna ndege katika visiwa vyetu, na Hifadhi ya Taifa ya Rubondo, iliyotangazwa mwaka 1977, haiko mbali nasi. Anayehama na ahame na paka wake, na idara ya mifugo isaidie kuwahasi wale ambao wenyewe hawataki waongezeke. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka tusimtese mnyama, na kumtelekeza ni kumtesa.

Kabla hatujaweka kalamu chini, tuna neno moja kwa wakubwa wanaopanga watumishi. Hatumlinganishi mtumishi wa umma na paka, Mungu apishe mbali. Lakini mwalimu kijana au mwuguzi anayepewa barua ya uhamisho kwenda Goziba naye hushuka mwaloni akiwa ameloa, hamjui mtu, wala hajui atalala wapi. Na kesho yake hudaiwa kazi kamili. Mwezi haujaisha, naye anaandika barua ya kuomba kurudi bara, nasi tunasema vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Chumba kimoja kilichoandaliwa, mwenyeji mmoja wa kumpokea, na majuma machache ya kuzoea, pengine vingeliwabakiza wengi zaidi kuliko maonyo ya maandishi.

Desturi yetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa binadamu mwenye ulimi wa kuuliza, ni agizo jema. Lakini paka hana ulimi wa kuuliza kilipo kisima wala mlango, naye akikabidhiwa jembe siku ya tatu atalitupa na kukimbilia mawe. Na apewe boksi, mchanga, tambara la kwao na mwezi mmoja wa subira. Wazee wa pwani wana msemo kwamba paka wa nyumba haingwi. Wajibu wetu, watu wa Bukoba tunaowatuma na watu wa visiwani mnaowapokea, ni kuhakikisha kwamba kila paka anayevuka ziwa anapata nafasi ya kuwa paka wa nyumba.